Mnazi Uliobaki Nyuma ya Jiko

Wenzangu wa Msambweni, nyinyi mliozaliwa hapa na sisi tuliokuja kutoka bara, nipeni masikio. Nyumba ninayoisema ni yangu mwenyewe.

Kila alfajiri boma letu lilinukia vitumbua. Mkwe wangu Kavenya alivikaanga, na wanafunzi wakavipigania mlangoni. Mwanangu Masila, mwendesha bodaboda, alikuwa ameokoka na kuacha ulevi. Kanisani ndiye aliyeongoza kwaya. Nilikuwa nikimsikia akiimba huku akiosha pikipiki yake, na moyo wangu ukatulia.

Lakini mnazi mmoja uliendelea kugemwa nyuma ya jiko. Marehemu mume wangu aliupanda tulipopewa shamba. Masila alipookoka alisema, "Huu tuuache, mama. Tembo lake ni la kuumulia unga wa vitumbua, si la kunywa." Basi Ziro, mgema wetu, akaendelea kupanda asubuhi na jioni. Na kweli, vitumbua viliumuka vizuri mno.

Sikieni sasa dhambi inavyoomba nafasi. Haikuja na rungu, ilikuja na kijiko. Masila alianza kuonja kama tembo bado ni tamu. Kisha akaonja kwa kikombe. Kisha akamwambia Ziro amwekee la jioni, lile kali, lisiloumua chochote ila kichwa.

"Hilo nalo ni la nini?" mkewe akamwuliza.

"Naonja tu, mama Syombua. Vitumbua vikiwa vichungu utamlaumu nani?"

"Unaonja kibuyu kizima?"

Kule stejini, kituo cha bodaboda, wenzake wakamtania, "Pasta! Leo kwaya inaimbia mangweni, kwa walevi?" Akacheka nao. Jumapili akaimba kwa sauti ileile.

Hadi mchana mmoja alipokwenda kumchukua binti yake Syombua shuleni, tembo likiwa kichwani. Barabara ya Ramisi, mbele ya trekta la miwa, pikipiki ikamshinda, wakaingia mtaroni. Yeye alichubuka. Mtoto alivunjika mguu.

Hospitalini Kavenya akamwambia mumewe, "Plasta ikitolewa, mimi na mwanangu tunakwenda kwetu Kinango. Kule maji ni ya kutafuta, lakini hakuna anayemwonjea mwanangu kifo."

Masila akaomba radhi, akamwambia Ziro asipande tena. Haukupita muda nikakiona kibuyu kinaning'inia kule juu.

"Mwenyewe kaniita, mama," Ziro akaniambia. "Kasema hili ni la kufanyia siki tu."

Siki! Hapo uvumilivu wangu ulikwisha. Nikamwita mwanangu, nikamwekea shoka miguuni.

"Mama! Mnazi wa baba?"

"Baba yako alipanda mti, hakupanda mungu. Kata."

Jirani yetu Kibwana akaja mbio. "Shikamoo, mama. Jamani, mnazi mzima huu unakatwa? Huu ni wazimu! Masila, minazi imejaa kutoka hapa hadi Ukunda. Utaikata yote?"

Masila alikuwa akilia. "Ile mingine sijaitafutia sababu, Kibwana. Huu ndio ninaoupa majina. Jana unga, leo siki. Kesho ningeupa jina jingine."

Akapiga. Akapiga tena. Wenzake wa steji wakasimamisha pikipiki njiani, wakamzomea, "Mlokole karukwa na akili!"

"Nizomeeni!" akawajibu bila kuliacha shoka. "Mlinishangilia nilipokuwa nalewa. Leo nizomeeni!"

Mti ukaanguka, ukabomoa pembe ya paa la jiko. Kavenya akatoka, akautazama. Kisha akachukua panga, akaanza kukata makuti.

"Ya nini hayo?" nikamwuliza.

"Ya kuezekea jiko."

"Na Kinango?"

"Kinango haihami, mama. Kwanza nitamwangalia mwanao."

FUNZO

Wenzangu, utakatifu si kuacha dhambi kubwa na kuifuga ndogo jikoni. Ile uliyoihurumia na kuipa jina zuri ndiyo itakayokurudisha ulikotoka. Usijadiliane nayo wala usiipunguze kidogo kidogo. Mwombe Mungu nguvu, ikate mchana, watu wakiona. Watakucheka, na waache wacheke. Siku utakapoingia mtaroni na mwanao, hao wanaocheka hawatakuwamo.