Ng'ombe Walivyolilamba Gari la Mzee Bujiku

"Weka chini hilo gunzi, Mabula!"

Mabula akabaki ameinua mkono. Gunzi lilikuwa limeloa, limepakwa majivu na mchanga laini, namna ileile mama zao walivyosugulia masufuria. Mbele yake gari la Mzee Bujiku lilisimama kimya chini ya vumbi lake, kama mgeni ambaye bado hajakaribishwa.

"Kwani kuna nini, Limi? Chuma si chuma? Sufuria la mama yako linang'aa mpaka naona meno yangu."

"Sufuria halina rangi. Hili lina rangi. Ukilisugua hivyo, kesho baba atakuta mbavu tupu."

"Mbavu za gari!" Mabula akacheka. Hata hivyo gunzi akaliweka chini taratibu, kama mtu aliyeshika yai.

Ulikuwa mwaka wa 1953, kiangazi, pamba imeshauzwa na vumbi la Didia limepanda mpaka kwenye mapaa. Hakuna gari lililowahi kulala kijijini pale kabla ya hili. Mzee Bujiku, baba yake Limi, alikuwa ameuza nusu ya zizi lake ili alinunue kwa mhandisi mmoja wa mgodi wa Geita aliyekuwa anarudi kwao. Watu walitembea kutoka Tinde kuja kulitazama tu. Walilizunguka, wakainama kuchungulia chini ya tumbo lake, wakaondoka wakinong'ona. Mtu mmoja tu hakulisogelea hata kidogo: Zipora, mama yake Limi.

"Mimi nilizoea kukamua," alisema siku lilipofika. "Hapo nikamue nini?"

Na sasa ilikuwa imebaki siku moja tu wazee wa Mabula waje kupatana ng'ombe wa mahari ya Limi. Ndiyo maana Mzee Bujiku alimwita kijana huyo asubuhi ile.

"Dereva wangu Valerian amekwenda Shinyanga kutafuta tairi," alimwambia. "Nataka wazee wako wakifika walikute gari linang'aa. Lioshe wewe, hapahapa nyumbani. Nione unavyotunza kitu cha mtu."

Mabula aliitikia kwa adabu, macho chini. Alielewa vizuri kwamba kitu cha mtu kilichokuwa kinazungumzwa hakikuwa gari peke yake.

Shida ni kwamba vifaa vya kuoshea gari vilikuwa ndani ya sanduku la mbao la Valerian, na ufunguo Valerian alikuwa nao shingoni. "Humu mna vitu vya mgodini," alizoea kujigamba. "Si vya kukamulia."

Basi Limi akaingia jikoni, akatoka na ungo umejaa. Akavipanga vitu mbele ya Mabula: dodoki kavu, kipande cha gunia, kaniki kuukuu ya mama yake, mche wa sabuni uliobaki kama ukucha, na kibuyu cha magadi.

"Chagua," akasema.

"Gunia."

"Linakwaruza."

"Dodoki?"

"La kwako hilo, ukaogee. Bado gumu."

"Sasa unaniambia nichague, halafu unachagua wewe!"

"Ndiyo nyumba yetu itakavyokuwa," Limi akasema. Akageuka haraka asionekane anatabasamu.

Wakachukua kaniki. Ilikuwa imefuliwa miaka mingi mpaka imelainika kama sikio la ndama. Sabuni ikabaki kuwa tatizo. Kipande kile kisingetosha hata mlango mmoja.

"Magadi," Limi akakata shauri. "Mama akifulia magadi, hata mafuta ya samli yanatoka. Vumbi la Geita litashindaje?"

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Mabula akayayeyusha ndani ya debe. Akachovya kaniki, akaipitisha juu ya boneti mara moja tu, kisha akasimama.

"Limi. Njoo uone."

"Umelichubua?"

"Njoo, nakwambia. Kuna mbingu humu."

Limi akasogea. Mahali pale kaniki ilipopita, chini ya vumbi lote lile, palikuwa na weusi wa ajabu, mzito kama maji ya kisima kirefu. Ndani yake yalipita mawingu mawili madogo. Akaona na uso wake, na wa Mabula kando yake. Hapakuwa na kioo kikubwa nyumbani kwao. Siku zote walikuwa wameonana mmoja akimtazama mwenzake. Hawakuwahi kujiona wamesimama pamoja.

"Tunafanana na watu waliooana," Mabula akasema kwa sauti ya chini.

"Sugua, wewe. Jua linazama."

Walipomaliza, maji yalikuwa yamebaki nusu debe.

"Tulisuuze," Mabula akasema.

"Hayo ni ya mama kuwapikia wageni. Lambo limekauka, unajua alikoyafuata? Futa tu na kitambaa kikavu. Linang'aa, huoni?"

Kweli lilikuwa linang'aa. Mabula akafuta, akaaga, akaenda zake akigeuka nyuma kila mara mpaka minyaa ya uzio ikamficha.

Alfajiri Limi aliamshwa na sauti ambayo hakuwahi kuisikia: khrr, khrr, khrr, kama kina mama wengi wanakwangua ukoko kwa pamoja. Akatoka nje. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi tupu, miti ya mlango imeangushwa, kibuyu cha kukamulia mkononi, hasogei.

Ng'ombe walikuwa wamelizunguka gari.

Walikuwa wote. Mafahali waliozoea kupigana walisimama bega kwa bega, mitamba wakapenyeza vichwa katikati yao, na ndimi zote zilikuwa zinapanda na kushuka juu ya chuma kile cheusi, polepole, macho yamefumba nusu. Mvuke wa pumzi zao ulikuwa umelifunika gari kama ukungu. Jua la kwanza likagusa pembe zao. Limi alihisi amefika mahali pa ibada, hajavua viatu.

Kisha akakumbuka magadi. Akakumbuka jinsi ng'ombe wanavyokimbilia mbuga yenye chumvi.

Mpaka ng'ombe wafukuzwe, wageni walikuwa wameshaingia uani: Mabula, mjomba wake Mzee Herman, na wazee wengine wawili. Nyuma yao akashuka Valerian kutoka kwenye lori la pamba, tairi begani.

"Mwangaluka, baba," Mabula akasalimia.

Mzee Bujiku hakuitikia. Alikuwa anapitisha kidole juu ya mlango. Ndimi za ng'ombe ni kama msasa. Kote kulikuwa na michirizi myembamba, imepindapinda.

Valerian akalamba kidole chake kimoja alichogusisha kwenye boneti, akatema. "Magadi! Mzee, mtu kaliunga gari lako kama makande!"

"Nani aliyechagua magadi?" Mzee Bujiku akauliza.

Limi alikuwa jikoni na mama yake, maana siku ya kupatana mahari binti hatokei mbele ya wazee mpaka aitwe. Kupitia ufa wa mlango alimwona Mabula akisogea mbele.

"Ni mimi, baba."

"Wewe?"

"Mkono wangu ndio uliopaka."

"Niliuza ng'ombe kwa ajili ya kitu hiki. Nikakukabidhi siku moja tu." Sauti ya Mzee Bujiku haikupanda, na hiyo ndiyo iliyotisha. "Mzee Herman, nisamehe, hujanikosea wewe. Lakini rudini nyumbani. Sina binti wa kumpa kijana huyu."

Mzee Herman akashika fimbo yake. Mabula akageuka kufuata, na hakutazama jikoni hata mara moja. Limi akajua kwa nini hakutazama: aliogopa macho yasimtaje.

"Mama, niachie."

"Tulia. Wazee bado wako uani."

"Akivuka uzio ule, anaondoka na kosa langu mgongoni. Mama, niachie!"

Zipora akamtazama binti yake, kisha akaondoa mkono.

Limi akatoka mbio mpaka katikati ya uwanja, akapiga magoti vumbini, miguu peku, unga wa mtama mikononi.

"Shikamoo, baba. Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba," Mzee Herman akaitikia kwa mshangao.

"Limi! Umeitwa na nani?" baba yake akang'aka.

"Sijaitwa, baba. Magadi nilichagua mimi. Mabula alitaka kulisuuza, mimi nikamkataza kwa sababu ya maji. Kama kuna wa kufukuzwa, ni mimi."

"Limi, nyamaza," Mabula akasema.

"Sinyamazi. Wewe umenyamaza vya kutosha."

Valerian akacheka puani. "Mzee, gari limeharibiwa na watu wawili, na kila mmoja analigombea kosa! Mgodini watu hulikimbia."

Hapo ndipo Zipora alipotoka jikoni. Akapita katikati ya wazee kwa mwendo wake wa polepole, akasimama hatua chache kutoka kwenye gari.

"Baba Limi, nina neno."

"Sema."

"Tangu chuma hiki kiingie hapa sijalala vizuri. Kila nikienda kukamua, naziona nafasi za wale walioondoka. Nilikiona ni mwizi. Leo alfajiri nimemkuta yule jike wangu mwekundu anakilamba. Hata kukamuliwa alikataa." Akamgeukia mumewe. "Wewe umezaliwa zizini. Ng'ombe humlamba nani hivyo?"

Mzee Bujiku akalitazama gari. "Ndama wake."

"Basi."

"Lakini ni chumvi tu hiyo, mama," Valerian akasema.

"Najua ni chumvi," Zipora akamjibu bila kugeuka. "Hata ndama akizaliwa ana chumvi."

Mzee Bujiku akaweka kiganja kizima juu ya mlango, palepale penye michirizi, akaupitisha mkono kutoka mbele mpaka nyuma kama mtu anayemtuliza fahali mgeni.

"Wamelipokea," mzee akasema. "Mimi nililinunua. Wao ndio wamelipokea."

Kisha akamgeukia Mabula.

"Kijana, rangi siwezi kukusamehe leo, bado inauma. Lakini nilitaka kuona unavyotunza kitu cha mtu, na nimeona. Mzee Herman, kaa. Tuongee."

"Wabeja!" Mzee Herman akashukuru kwa Kisukuma, akaketi upesi kabla neno halijabadilika.

Valerian alisimama kidogo na tairi lake. Halafu akalilaza chini, akavua ufunguo shingoni, akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na ngozi ya swala iliyolainishwa, sponji ya manjano na kopo la nta.

"Haya, njooni niwafundishe kabla hamjalitia kitunguu," akasema, na safari hii kicheko chake kilikuwa cha kindugu. "Kwanza maji matupu, vumbi lishuke lenyewe. Ukianza na kitambaa unasugua mchanga. Halafu sabuni, kutoka paa kushuka chini, magurudumu mwisho. Halafu suuza. Umesikia, dada Limi? Suuza!"

"Nimesikia, kaka."

"Mkaushe na ngozi, ndipo mpake nta. Kidogo. Si samli hii."

Zipora mwenyewe akatoa maji aliyoyaweka kwa ajili ya wageni. Wageni wakala viazi vya kuchoma badala ya ugali, na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa walikuwa wanalitazama gari.

Michirizi haikutoka. Valerian alijitolea kulipeleka Mwanza likapakwe rangi upya. Mzee Bujiku akakataa katakata. Watu waliokuja kutoka Tinde wakapata jambo jipya la kutazama: waliinama, wakazifuata alama za ndimi kwa vidole, wakaambiana huyu alikuwa fahali, huyu mtamba.

Mavuno yaliyofuata Limi aliolewa. Gari lililooshwa na Mabula mwenyewe, likasuuzwa, likapakwa nta, lilisimama kando ya zizi kumpeleka bibi harusi. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshaingia ndani, na zizi lilikuwa limejaa tena sauti.

Kabla halijaondoka, Zipora alilisogelea kwa mara ya kwanza. Akaweka mkono juu ya boneti yenye joto, kwenye alama za ulimi wa jike wake mwekundu.

"Haya, mwanangu," akasema taratibu. "Nenda salama."

Limi, ndani, hakujua kama ameambiwa yeye au gari. Akafuta machozi, akamshika Mabula mkono, na hakuuliza.