Viganja vya Rangi ya Karoti

Jamani, ngojeni niwaambie yaliyotokea nyumbani kwetu. Mpaka leo bado nashangaa!

Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Kila asubuhi anavuta sigara, anavaa miwani ya jua, anawasha mashine. Ndiyo, miwani ya jua! Kinyago chake cha kuchomelea, chenye kioo cheusi, kilikuwa kinaning'inia tu msumarini. Eti kina joto.

Macho yakaanza kumwasha. Yakawa mekundu, yanatoa machozi kama ya mtu anayekata vitunguu. Mteja mmoja akamwambia karoti ni dawa ya macho. Basi! Akawa anatafuna karoti kama sungura. Juisi ya karoti asubuhi, juisi ya karoti mchana. Juu ya hayo akanunua chupa ya vidonge vya beta-karotini, akawa anameza vitatu vitatu.

Wiki ya sita, wifi yangu alikuwa anamnawisha mikono. Birika likamponyoka.

"Baba watoto! Viganja vyako!"

Vilikuwa na rangi ya chungwa. Nyayo vilevile.

"Ni kutu ya mageti tu," kaka akajitetea.

"Kutu gani haitoki kwa sabuni? Ini lako linaharibika! Unataka kuniacha na watoto wadogo?" Wifi akaangua kilio.

Tukaenda zahanati mbio. Tukapokewa na dada mmoja mtaalamu wa lishe. Akamvuta kaka kope.

"Mama, sogea uone. Jicho ni jekundu, lakini si la njano. Mwenye ugonjwa wa manjano, hata weupe wa jicho hugeuka njano. Ila tupime damu, tuwe na uhakika."

Damu ikapimwa. Ini ni zima!

"Sasa hii rangi imetoka wapi?" kaka akauliza.

"Umeila, kaka. Beta-karotini ndiyo rangi ya karoti na boga. Mwili unaigeuza kuwa vitamini A, kwa kiasi unachohitaji. Ikizidi, inatulia kwenye ngozi. Ukipunguza, itaondoka."

Kwenye meza yake ya kufundishia lishe kulikuwa na vyakula mbalimbali; akanipa kopo la majarini. "Soma hapo."

Nikasoma: *Rangi: beta-karotini.* "Ile ile?"

"Ile ile. Viwandani wanaitia hata kwenye juisi na biskuti, zipendeze." Akashika jani la mchicha. "Na humu imo tele."

"Lakini hili ni la kijani!"

"Imefunikwa na kijani. Iko humo humo."

Mungu wangu! Mimi na chuo changu chote, sikujua. Nikaligeuza lile jani huku na huku, kama sijawahi kuona mchicha maishani.

"Kwa hiyo niendelee na vidonge?" kaka akauliza.

"Unavuta sigara?"

"Kidogo."

"Pakiti nzima kwa siku!" wifi akadakia.

Dada wa lishe akaifunga ile chupa ya vidonge tuliyokuja nayo. "Basi hivi si vyako. Watafiti wameona kwamba vidonge vya beta-karotini nyingi vinamwongezea mvutaji hatari ya saratani ya mapafu. Chakula hakina neno. Kula mboga, zitie mafuta kidogo ili mwili uifaidi beta-karotini yake. Na sigara uache."

"Na macho yangu?"

"Macho yako hayana njaa, kaka. Yanaungua! Mwanga wa mashine unayachoma kila siku. Hakuna karoti inayoweza kufanya kazi ya kinyago."



Siku hizi hawashi mashine bila kinyago. Vidonge ameacha. Sigara bado anapambana nazo: kutoka pakiti nzima hadi sigara mbili kwa siku, na dada wa lishe anamfuatilia. Macho yametulia. Rangi ya chungwa nayo ikafifia, polepole, wiki baada ya wiki.

Mwezi wa tatu tangu siku ile, wifi akashika viganja vya kaka mbele ya dirisha. Akavigeuza. Akavitazama, machozi yakimlengalenga.

"Mzima?" kaka akauliza.

"Mzima kabisa," wifi akasema. "Haya, kaoshe vyombo."