Salamu Alizozitunga Chiriku

Kila siku akitoka shuleni, kabla hajagusa chakula, Chiriku alikuwa na kazi ya kupeleka salamu. Jina hilo alipachikwa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Bibi yake alikuwa amegomewa na magoti, hakuweza tena kupanda ngazi za jengo la pili, alikoishi rafiki yake Mkunga. Basi Chiriku akawa ndiye miguu ya Bibi.

"Mwambie goti langu limevimba tena," Bibi alikuwa akisema.

Baada ya robo saa Chiriku hurudi mbio na jibu: "Anasema la kwake limevimba zaidi, usimringie."

Zamani marafiki hao walikuwa wanne. Mwalimu mstaafu alifariki miezi miwili iliyopita, na Bibi akashindwa kula kwa siku kadhaa hadi presha ikampanda. Wakabaki yeye, Mkunga, na mzee Fundi Viatu, ambaye masikio yake yalikuwa yamezeeka kuliko yeye mwenyewe.

Jumatatu moja Chiriku alikuta mlango wa Mkunga uko wazi, viatu vimejaa nje na watu wanalia ndani. Mkunga alikuwa amefariki alfajiri. Chiriku alishuka ngazi mbili mbili, akamkuta mama yake jikoni.

Mama alizima jiko. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Bibi yako asijue. Msiba wa Mwalimu nusura umlaze hospitali. Tutamwambia polepole, baada ya maziko."

"Akiniuliza je?"

"Mwambie umekutana na Mkunga, hajambo. Wewe huishiwi maneno."

Bibi aliuliza, tena mapema. "Haya, amesemaje leo?"

Chiriku akajibu, "Anasema… goti lako likizidi kuvimba, ulikatie tiketi yake ya basi."

Bibi alicheka mpaka akafuta macho. "Huyo huyo! Hazeeki mdomo!"

Kicheko hicho kilimchoma Chiriku kama mwiba. Siku hiyo hakumaliza chakula. Kesho yake shuleni alikaa kimya hivi kwamba rafiki yake wa dawati moja alimuuliza kama anaumwa jino.

Aliporudi nyumbani Jumanne, alimkuta Bibi akimenya viazi.

"Nenda kamwambie Mkunga Jumapili aje yeye, wajukuu zake wamshike mkono," Bibi alisema. "Nimemkumbuka sana."

Chiriku hakwenda popote. Alipiga magoti mbele ya beseni la viazi. "Bibi, nisamehe. Salamu za jana nilizitunga mwenyewe. Mkunga amefariki."

Kisu kilisimama. "Lini?"

"Jana alfajiri."

"Wameshamzika?"

"Bado. Kesho saa nne."

Bibi aliweka kisu chini, akajifunika uso kwa kanga, akalia. Mama aliingia mbio, akaelewa mara moja. Akaanza, "Mama, nilihofia presha yako…"

"Najua, mwanangu," Bibi alisema. "Ulitaka kuniponya. Lakini ilibaki kidogo nimkose rafiki wa miaka arobaini siku ya kumsindikiza."

"Nimekosa, Mama. Nisamehe."

Jioni hiyo Mama alimpeleka Bibi zahanati. Presha ilikuwa juu kiasi. Muuguzi alimhimiza asiache dawa, ale hata kama hana hamu, wala asijifungie peke yake na majonzi. Asubuhi jirani mwenye gari aliwapeleka makaburini. Bibi alikaa kwenye kiti karibu na kaburi, Fundi Viatu akiwa amesimama kando yake na bakora.

"Tumebaki mimi na wewe," mzee alisema. "Na mimi sisikii."

"Nitapiga kelele!" Bibi akamjibu sikioni. Waombolezaji kadhaa waligeuka, wengine wakatabasamu katikati ya machozi.

Wiki zilizofuata hazikuwa rahisi. Zipo siku Bibi aliamka akiwa mzito, akasukuma chai yake pembeni. Siku hizo Mama alikaa naye, wakamzungumzia Mkunga bila kukwepa jina lake, mpaka chai ikanyweka. Fundi Viatu naye alianza kuja Jumamosi, na mtaa mzima ukawa unasikia mazungumzo yao.

Jumamosi moja, mzee alipoaga, Bibi alimwita Chiriku akae karibu.

"Bado unajilaumu?"

Chiriku alitikisa kichwa kukubali.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Katika umri wangu, mauti hunipunguzia watu, na hakuna wa kuyazuia. Uchungu wake nitaubeba, maana sitaubeba peke yangu. Lakini nikidanganywa, nitawakosa hata nyinyi mlio hai, kwa kuwa sitajua niamini lipi. Habari mbaya mpe mtu kwa upole, kisha ukae naye. Usimfiche."

"Nimekuelewa, Bibi," Chiriku alisema. Na kwa mara ya kwanza maishani, hakuongeza neno.