Waya wa Kumsindikiza Mzee Ndahani

Mzee Ndahani alikuwa keshavuka geti, na nyuma yake waya ulizidi kutoka darini ukilia kama nyuki aliyefungiwa chupani. Ulipita mlangoni, ukavuka uani, ukaishia kiunoni kwake chini ya shati. Hapo palikuwa na pampu iliyomsukumia damu badala ya moyo wake.

"Mzee, umevuka mpaka wa uani," nyumba ilimwambia kwa ile sauti yake isiyo na haraka.

"Najua. Miguu ni yangu."

"Waya uliobaki ni mfupi. Tafadhali rudi ndani. Chai yako iko tayari."

"Inywe wewe."

Nyumba ikafunika chai. Hakuna aliyeifundisha kujibu maneno kama hayo.

Jiji lote la Ndolela liliishi kwa nyaya za namna hiyo. Betri za majumbani, isipokuwa zile ndogo za simu, zilikuwa zimepigwa marufuku baada ya kuunguza mitaa mizima, na madini yake yakapelekwa kwenye treni, malori na vyombo vya anga. Kila kitu cha nyumbani kikarudi kwenye waya. Watu wakachoka kujikwaa, mpaka kilipobuniwa kimezawaya. Hicho ni chombo cha mviringo, mfano wa sufuria kubwa ya shughuli, kinachofichwa darini. Ndani kina gurudumu, springi na akili kidogo. Ukiuvuta waya, kinautoa. Ukimaliza kazi, kinaumeza. Pasi ilikwenda na waya wake, jiko likajisogeza lenyewe kufuata kivuli, fagio la umeme likazunguka vyumba vyote likirudi kwao bila kuacha kitu sakafuni. Waya wenyewe watu waliuita mkia.

Kisha wakubwa wakawaza: ikiwa friji inatembea na mkia, mgonjwa atashindwaje? Aliyeifanya kazi hiyo ni Injinia Nyemo, binti wa huyuhuyu Mzee Ndahani, na mtu wa kwanza kumfunga mkia alikuwa baba yake. Alimpa miaka ambayo madaktari walikuwa wameshaikata. Alimpa na ukuta.

Sasa mpe ukuta mtu kama yule! Mzee Ndahani alikuwa mchimba visima. Alichimba Itigi, akachimba Tunduru, akachimba mpaka pembeni mwa Kigoma, na nyumba za watu alizolala zilikuwa nyingi kuliko siku alizolala kwake. Tangu afungwe mkia alizunguka sebuleni kama mbuzi kwenye kigingi, mpaka zulia likafanya njia.

Asubuhi ile dada yake Mbeleje alimpigia, akamtokea kwenye picha ya ukutani. Mbeleje ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa. Aliishi Mtaa wa Stesheni, ng'ambo ya barabara kuu, naye alikuwa na mkia wake, wa mashine ya kupumulia. Mji mmoja, lakini walikuwa hawajashikana mikono tangu wafungwe. Daktari alikuwa amesema Mbeleje hataiona kesho.

"Ndahani," alisema kwa pumzi za kuazima, "njoo. Usije ukutani. Njoo mwenyewe."

Mzee alimpigia binti yake kazini. Nyemo akasema ataomba kibali. Kibali kilikuwa na njia yake, na njia yake ilikuwa ndefu. Gari la wagonjwa lilikuwa na betri, lakini lilipeleka watu hospitali tu. Kwenda kumuaga mtu hakukuhesabiwa kuwa ugonjwa.

"Basi endelea kuomba," mzee akamwambia, akakata simu, akavaa viatu.

Nje ya geti alikuwa akimngoja Kasanda, jirani yake, Mnyamwezi wa Urambo, na mkononi ameshika waya alioutoa darini kwake.

"Mtani!" Kasanda akaita. "Babu zangu walibeba meno ya tembo mpaka pwani, leo mimi nabebeshwa Mgogo!"

"Babu zako walikuwa na mabega. Wewe una tumbo. Chomeka."

Pampu ilikuwa na matundu mawili, la kazi na la dharura. Kasanda akachomeka waya wake kwenye lile la dharura, kisha akachomoa ule wa nyumbani. Kimezawaya cha Nyemo kikaumeza mkia wake mtupu mpaka ndani, na mlango ukajifunga.

Hivyo ndivyo safari ilivyokwenda. Wandolela wana desturi ya kusindikizana, nao huishika kweli. Mji ule ulianza kama kituo cha njiani, na mgeni hakuachwa peke yake barabarani. Mwenye nyumba humpeleka mgeni hadi kwa mwenzake. Hamwachii mkono mpaka mwenzake atamke, "Nimempokea, rudi salama." Naye mpokeaji hatamki mpaka mguu wa mgeni ukanyage mpaka wa nyumba yake, akitamka mapema ni kama amempora mtu njiani, na aibu hiyo haioshwi. Mtaani kwa Mzee Ndahani nyumba zilipakana ua kwa ua, kwa hiyo kila alipofika mwisho wa waya mmoja, mguu wake ulikuwa tayari umekanyaga kwa mwingine. Wanampokea, wanachomeka, wanachomoa. Watoto walifuata wakiimba. Kasanda naye hakurudi nyuma. Alisema mtani haachi mzigo njiani, ataudondosha mwenyewe akifika.

"Unatembea kama mtu anayedaiwa," akamwambia mzee.

"Nimekaa sana, Kasanda. Miguu imesahau kama mimi ni mzee."

Nyumba ya mwisho kabla ya barabara kuu ilikuwa ya Mama Eliwaza, mjane mnene, mchangamfu, anayeuza maandazi. Alimpokea vizuri, akamfuta jasho kwa kanga, akaingia naye barabarani. Malori yasiyo na dereva yakasimama yenyewe yalipowaona. Kutoka ng'ambo akaja Mzee Yoramu, mwalimu mstaafu aliyevaa koti kwa ajili ya ugeni huo, naye akiuvuta waya wake. Nyaya zote mbili zilifika katikati ya barabara, zikakomea hapohapo. Hazikuzidi hata hatua.

Yoramu akachomeka wake. Ule wa Mama Eliwaza bado ulikuwa ndani.

Palepale umeme ukakatika, upande huu na upande ule. Malori tu ndiyo yalibaki na taa.

Kule kazini kwake, Mnara wa Mkondo ulioongoza umeme wa jiji, Nyemo aliona mitaa miwili inazimika kwenye meza yake ya kioo. Akaelewa upesi. Upande wa kwao ulilishwa na laini ya kusini, wa ng'ambo na laini ya kaskazini, na laini hizo hazipaswi kukutana mahali popote, sembuse ndani ya mwili wa mtu. Ulinzi ulikuwa umezikata zote mbili. Katikati ya barabara kuu kulikuwa na nukta ndogo ya bluu: pampu ya baba yake, ikiishi kwa akiba yake ya dharura. Akiba hiyo ilikuwa ya muda wa kunywa kikombe cha chai, tena cha moto.

Akapiga simu. Kasanda ndiye aliyepokea.

"Kasanda, baba yuko wapi?"

"Tunaye hapa barabarani, mwanangu. Amesimama, lakini rangi yake siipendi."

"Ana nyaya mbili. Mmoja utoke sasa hivi, ndipo niwashe. Siwezi kuwasha zikiwa mbili, unanisikia? Umeme ukirudi, kila kimezawaya kinaanza kwa kumeza. Vitamvuta huku na huku, na vinavuta hata friji."

Kanuni hiyo ya kumeza kwanza aliiandika yeye, ili umeme ukirudi usikute waya sakafuni penye watoto. Iliokoa watoto wengi. Ilikaa ndani ya kila kimezawaya, na mnarani hakukuwa na kitufe cha kuiondoa.

Kasanda akaweka simu wasikie wote.

"Mama Eliwaza, chomoa wako," Nyemo akasema.

"Nichomoe vipi, mama? Hajapokelewa."

"Mwalimu Yoramu, sema umempokea!"

"Nimpokee hajakanyaga kwangu?" Yoramu akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeteseka. "Mpaka wangu ni ule ukingo wa mtaro. Alete mguu, nitasema mara moja."

"Waya wangu hauendi mpaka mtaroni," Mama Eliwaza akasema. "Mwalimu, tamka tu, Mungu ataelewa."

"Mungu ataelewa. Watu je? Chomoa wewe kwanza."

"Nimtupe barabarani mtoto wa mwenzangu? Mimi?"

Ni watu wema hao. Hapakuwa na mmoja kati yao ambaye asingetoa damu yake kwa ajili ya yule mzee. Walisimama wamemshika mkono, huyu wa kulia, yule wa kushoto, wakibembelezana kwa heshima, na mzee katikati yao midomo ikimgeuka majivu.

"Acheni adabu, nyie!" Kasanda alifoka. "Mnamzika mtu amesimama!" Akataka kuuvuta waya mmoja, lakini hakujua ni upi, wa nyuma au wa mbele.

"Injinia! Nichomoe upi?"

Nyemo aliitazama laini ya kusini. Akiuacha wa Mama Eliwaza, baba yake angerudi nyumbani, akafungwa tena, akaishi. Mkono wake ulikuwa juu ya kitufe cha kusini. Ndipo jicho lake likaangukia ile laini ya kaskazini, Mtaa wa Stesheni, nyumba ya mwisho. Nukta ya pale, ya kijani, rangi ya mashine za kupumulia, ilikuwa imezimika. Mashine ya shangazi yake ilikuwa ya toleo la zamani. Haikuwa na akiba yoyote.

Angeweza kuiwasha kaskazini peke yake, mara moja, shangazi apumue. Lakini kimezawaya cha Yoramu kingeanza kumeza, na baba yake alikuwa ameshikwa nyuma na waya wa Mama Eliwaza, ambao ukikosa umeme kimezawaya chake hufunga breki. Angechanika kiunoni.

"Baba," alisema. "Unanisikia?"

"Nasikia."

"Shangazi yuko kwenye laini hiyo ya mbele. Imezimika. Yote imezimika, baba."

Mzee Ndahani akamtazama Mama Eliwaza, kisha Yoramu. Maisha yake yote alikuwa mgeni wa watu, na hakuwahi kuiondoa mkononi mwake mikono ya mwenyeji. Sasa aliiondoa. Akapeleka mkono nyuma, chini ya shati, akaushika waya wa Mama Eliwaza, akaung'oa kwa nguvu zote zilizobaki. Mama Eliwaza akapiga ukelele kama aliyetukanwa.

"Washa," mzee akasema.

Nyemo aliwasha kaskazini. Kimezawaya cha Yoramu kikaamka, kikaanza kumeza, na waya ukamkaza mzee kiunoni. Kasanda akamdaka, akambeba kifuani kama mtoto, akakimbia kuufuata waya ili usimburute. Alivuka barabara, akauruka mtaro, akaingia ua wa Yoramu, huku akihema na kutukana kabila zima la Wagogo. Walipopita mtaroni Yoramu alikuwa nyuma yao akikimbia na koti lake, akipiga kelele, "Nimempokea! Nimempokea!"

Pampu ilirudi kwenye mwendo wake. Walimkalisha mzee barazani, wakampa maji. Akayanywa nusu, akasimama.

"Nyumba ya nani inafuata?"

Zilibaki nyumba chache. Safari hii watu walichomoa kwanza ndipo wakachomeka, na hawakusubiri mtu atamke kitu. Simu ilikuwa bado wazi mfukoni mwa Kasanda, na Nyemo alisikia viatu vyao vikikwaruza changarawe. Mezani kwake nukta ya kijani ilikuwa imerudi. Mashine ilikuwa inafanya kazi. Mezani hapakuwa na nukta ya kuonyesha kama mtu naye anafanya kazi.

"Kasanda," alisema mwishowe, "mmefika?"

"Tumefika."

"Shangazi?"

Kasanda akatoka na simu hadi mlangoni. "Mashine inapumua, mwanangu. Yeye hapumui. Baba yako amemshika mkono. Anasema bado una joto."

Mbeleje alizikwa kesho yake, makaburi ya Mtaa wa Stesheni. Daktari alisema angekufa jioni ile hata kama umeme usingekatika, na watu walimshukuru kwa kusema hivyo.

Kasanda alitimiza kazi ya mtani msibani. Alilala kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kuku, watu wakacheka, wakalia tena. Mwaka uliofuata alihamia Urambo, akafungua mashine ya kukoboa mpunga.

Mama Eliwaza hakusindikiza mtu tena. Mgeni wake aliishia mlangoni. Maandazi aliendelea kuuza.

Yoramu alikwenda mnarani kuomba radhi, akaambiwa hana kosa kwa mujibu wa kanuni. Alikwenda tena, akaambiwa vilevile. Alifariki kwa malaria.

Nyemo aliondoa kanuni ya kumeza kwanza kwenye vimezawaya vya wagonjwa. Katika vile vya kawaida aliiacha. Bado yuko mnarani, ni mkuu wa kitengo. Laini za kusini na kaskazini zimeunganishwa.

Mzee Ndahani hakurudi kwa binti yake. Aliendelea mbele, nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, akikaa siku chache kila mahali, na Nyemo akampigia simu kila Jumapili. Alifia upande wa mashariki wa mji, kwenye ua wa fundi cherehani ambaye alikuwa amemfahamu kwa siku mbili tu. Walimchomoa, wakamfunika shuka, wakampigia Nyemo simu aje.