Lita Mbili za Bibi

Chupa ya dripu ilikuwa imefungwa vizuri, kizibo chake hakijaguswa, lakini ndani hamkuwa na hata tone. Daktari wa usingizi aliigeuza, akaitikisa, akaitupa kwenye ndoo ya taka huku akikilaani kiwanda. Ya pili nayo ilikuwa tupu. Ya tatu ilikuwa na maji, basi akaitundika na kuendelea na kazi, maana hakuwa mtu wa kupoteza muda.

Kwa hilo wenzake walimwita Chapchap. Kila jioni aliandika amri moja kwa wodi nzima: kuanzia usiku wa manane, asile mtu wala asinywe. Wa kupasuliwa asubuhi na wa kupasuliwa alasiri, wote kapu moja. Alijua fika kwamba wa alasiri wangeweza kunywa maji asubuhi bila madhara, ila kumpangia kila mmoja saa yake aliona ni kujisumbua bure.

Ndivyo alivyomuua bibi wa kitanda cha nne. Siku tatu mfululizo ajuza wa watu alifungishwa tangu usiku, na mara mbili upasuaji ukaahirishwa jua likizama. Siku ya tatu akaingizwa saa tisa alasiri, midomo imepasuka, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama.

"Mwanangu, koo limekauka. Nipe hata funda moja."

"Vumilia, bibi. Ukiamka utakunywa pipa zima," Chapchap alimjibu, na chumba kizima kikacheka.

Hakumtundikia dripu kwanza. Alimchoma dawa ya usingizi, dozi kamili, mishipa ikalegea, na kwa kuwa mwili ulishakaukiwa maji, presha ikaporomoka isipande tena. Kwenye faili akaandika kwamba marehemu alipewa lita mbili za dripu kabla ya kulazwa usingizi. Muuguzi mkuu aliona, akalipeleka faili kabatini.

Sasa ilikuwa wiki ya sita tangu bibi afe, na aliyelala kwenye meza ileile ya upasuaji ni binti yake Chapchap, mtoto wake wa pekee, miaka kumi na miwili, kidole tumbo kinamtesa. Siku hiyo uchapchap wote ulimwishia. Alimtundikia dripu tangu alfajiri, akampima presha kwa mkono wake mwenyewe, akakataza daktari mwingine yeyote wa usingizi kumgusa.

"Baba, nitaamka?"

"Utaamka, mama. Baba nipo."

Mtoto alipolala tu, chumba kikanuka udongo mkavu. Kisha chini ya meza ikasikika sauti ya ulimi mkavu ukibanduka kwenye kaakaa. Ta. Ta. Ta.

"Nani huyo?" mpasuaji aliuliza, kisu mkononi.

Presha ilisoma tisini, ikasoma sabini, na Chapchap akafungulia dripu hadi mwisho, lakini chupa ikajikunja kama inayonyonywa na mdomo asiouona, ikaisha kabla hajatundika nyingine, na hiyo nyingine nayo ikajikunja, na ya tatu, wala sakafuni hapakuwa na unyevu, wala mshipa wa mtoto haukujaa, na ile ta, ta, ta ikawa inapanda taratibu kuelekea kichwani pa binti yake huku mashine ikilia na namba ikisoma arobaini.

"Daktari," muuguzi mkuu alinong'ona. "Ni yule bibi. Anakunywa zake."

"Zake zipi?"

"Zile lita mbili ulizomwandikia."

Chapchap alipiga magoti mbele ya watu wote. "Sikukupa, bibi! Hata tone sikukupa! Niachie mwanangu, leo hii nitaandika ukweli, wanao wausome!"

Ulimi ukanyamaza. Dripu ikaanza kudondoka. Sitini, themanini, mia.

Jioni muuguzi mkuu alimfuata wodini na faili la marehemu. "Andika, daktari. Na mimi nitasaini kwamba nilijua."

Chapchap alishika kalamu. Alimtazama binti yake akipumua vizuri, presha yake haina tatizo lolote, akafikiria kazi yake, akafikiria polisi na watoto wa yule bibi. Hofu ilishamtoka, na ahadi ikatoka nayo.

"Tulitaharuki tu, dada," alisema, akalifunga faili. "Chupa zilikuwa mbovu. Lirudishe kabatini."

"Daktari, uliahidi."

"Nimesema lirudishe."

Kitandani, binti alifumbua macho. Midomo yake, laini tangu asubuhi, sasa ilikuwa imepasuka. Chapchap akaushika mkono wake kwa furaha, na ngozi aliyoibana kwa vidole ikabaki imesimama. Mtoto akabandua ulimi kwenye kaakaa, ta, akamtazama baba yake kwa utulivu, akasema kwa sauti ya kikongwe:

"Mwanangu, nimeamka. Pipa langu liko wapi?"