Kopo la Kunde Zilizobunguliwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda skuli, Kidawa alifagia ua wa nyumba yao ya Kikwajuni, akateka maji, kisha akayatazama makopo yake mawili yaliyofungwa. Moja lilikuwa na kunde tupu. La pili lilikuwa na kunde zilizochanganywa na majani makavu ya mwarobaini, maana alisikia kwamba uchungu wake hufukuza fukusi wanaotoboa kunde. Mama yake alishachoka kumsema. Mtaa mzima ulimjua huyu binti anayecheza na wadudu.

Siku moja ya mwaka 1969, Bi Wanu, mtaalamu wa wadudu na dawa za mimea, alitarajiwa kuja skuli kuchagua mwanafunzi wa kumsaidia katika maabara yake wakati wa likizo. Kidawa aliitaka nafasi hiyo kuliko nguo ya Sikukuu. Asubuhi hiyo akafungua kopo la pili. Kunde zilikuwa zimebunguliwa sawasawa na zile za kopo la kwanza, na fukusi walitamba juu ya majani kama wako harusini.

Darasani, Mwalimu Machano alichungulia kopo, akashusha sauti.

"Zitupe hizi. Tia kunde nzima za dukani. Skuli isiaibike."

"Siwezi, mwalimu. Hizo hazikukaa na majani."

"Unanijibu?"

"Nnakujibu, mwalimu, niwie radhi. Nikidanganya leo, kesho mtu atayaamini majani haya na kunde zake zitaliwa zote."

Wenzake walicheka. Kidawa alishikwa na hasira, lakini kopo hakuliachia.

Bi Wanu alipoingia, Kidawa hakungoja kuulizwa.

"Shikamoo, Bi Wanu. Majani yangu yameshindwa."

"Marahaba. Uliyakausha vipi?"

"Juani, juu ya jamvi, kama tunavyoanika karafuu."

"Basi hapo ndipo. Karafuu hutaka jua, lakini jua kali huiua dawa ya mwarobaini. Yaanike kivulini."

"Nitajuaje kama ni kweli?"

Mwalimu Machano alikohoa. Bi Wanu alicheka.

"Hutajua mpaka ujaribu. Njoo likizo tujaribu pamoja." Kisha akaligeukia darasa. "Mficha maradhi, kilio humuumbua. Ukimficha fukusi ili mgeni asimwone, fukusi haachi kula."

Mwalimu Machano alimsogelea Kidawa. Akalichukua kopo, akaliweka mezani mbele ya wote.

"Njooni mtazame," alisema. "Mimi nilitaka litupwe. Nilikosea."