Mnyororo Alioufukua Munir

Mashine ya kutafutia vyuma ilianza kulia yenyewe saa saba mchana, ikiwa imeegemezwa ukutani, na betri zake Sikudhani kazishika mkononi.

Alizitoa makusudi. Siku tatu nzima kaka yake, Munir, alizunguka na dude hilo shambani kwao Bahi, akitafuta vyuma vya kale vilivyofukiwa, kama afanyavyo mwisho wa wiki huko Uingereza anakoishi. Sikudhani alimwonya kabla hajapanda ndege: "Kaka, uliza kwanza. Huku kuchimba vitu vya kale bila kibali ni kosa." Munir alicheka. Aliifungua vipande vipande, akaivingirisha kwenye nguo, na uwanja wa ndege alipoulizwa akasema ni ya kufyekea nyasi. Hayo aliyasimulia mwenyewe mbele ya mama yao, akijisifu.

Sasa ililia bila betri, mlio mwembamba kama wa mbu aliyeingia sikioni, na nyumba nzima ikanuka kutu mbichi. Sikudhani aliibeba akaitupe nje. Alipopita mlangoni kwa mama yake, mlio ukapanda ukawa ukelele.

Bi Naima alikuwa amekaa kitandani, kidevu kimegandana na kifua. Alama nyekundu, pana kama vidole viwili, ilimzunguka shingo yote.

"Mama?"

"Nivue, mwanangu," alinong'ona. "Nzito."

Hakuwa amevaa kitu shingoni.

Sikudhani alimkuta Munir nyuma ya jiko, akisugua udongo kwa mswaki. Miguuni pake palikuwa na mnyororo, na kwenye mnyororo pete ya chuma ya kutosha shingo ya mtu.

"Umeitoa wapi?"

"Kule bondeni, kwenye mpunga. Hii ni ya wakati wa misafara, Siku. Tena naona mnyororo unaendelea chini! Unajua kule Uingereza wangeigombania vipi?"

"Ilivaliwa na mtu hiyo!"

"Ni historia."

"Ya nani? Sema, ya nani?"

Munir akainama kusugua. Babu wa babu yao alikuja na misafara kutoka pwani, na nyumbani walikuzwa kwa sifa za pembe za ndovu alizouza. Hakuna aliyewahi kuwaambia ni nani waliozibeba. Sikudhani alihisi hasira inampanda mpaka meno yakauma: hasira juu ya kaka yake, na juu ya sifa zote zile alizozimeza tangu utotoni.

Alimpigia Ustadh Abdulwahab wa msikitini, aje amsomee mama. Kisha akaipigia ofisi ya mambo ya kale, Dodoma mjini.

"Unanishtaki? Mimi kaka yako?"

"Ulipoonywa ulicheka. Cheka tena."

Ustadh alifika baada ya Alasiri. Alisikiliza pumzi za Bi Naima, akauangalia mnyororo bila kuugusa.

"Wafu hawarudi," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ni jini. Amekaa na kilio chao miaka yote hii."

Akaanza kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo harufu ya kutu ilivyozidi, na mashine iliyotupwa uani ikajibu kwa ukelele wake, na Bi Naima, ambaye tangu mchana hakuweza kuinua uso, akauinua polepole, mishipa imemtoka, midomo imepasuka kama ya mtu aliyetembea wiki nzima bila maji, na sauti iliyotoka humo ilikuwa ya mwanaume.

"Tuliambiwa maji yako mbele."

"Unataka nini kwa mama huyu?" Ustadh aliuliza.

"Yule aliyetuamsha. Aseme tulikuwa nani kwenu."

Munir alirudi nyuma hadi ukutani. "Mimi... mimi nimekuja likizo tu."

Sikudhani alimkamata ukosi wa shati kwa mikono yote miwili. "Mama anakufa! Sema!"

"Babu wa babu yetu aliwafunga," Munir alisema, machozi yakimtiririka. "Aliwafunga, akawatembeza, akawauza."

Bi Naima alishusha pumzi ndefu, akaanguka ubavu. Alama ikafifia wakiitazama. Baada ya muda aliomba maji, kwa sauti yake mwenyewe, akanywa jagi zima.

Asubuhi alikuja ofisa wa mambo ya kale, Violeth, pamoja na askari na wachimbaji wawili. Aliichukua mashine na mnyororo, akamwandikisha Munir maelezo na kuishika pasipoti yake. Askari walipompandisha gari la polisi, Munir alimtazama dada yake, akingoja neno. Sikudhani akageuka, akashika njia ya bondeni.

Bondeni wachimbaji walikwangua udongo taratibu. Walipopumzika, pete sita za shingo zilikuwa wazi, zimejipanga mstari mmoja kuelekea kwenye maji ya bwawa. Violeth akaenda kwenye gari lake kuchukua kamera, wachimbaji wakamfuata wakanywe chai.

Sikudhani alibaki peke yake juani. Hasira haikuwa imeondoka. Alipiga magoti ukingoni mwa shimo. Hakuwajua majina. Akasema neno moja tu alilolijua.

"Shikamooni."



"Marahaba," ikajibu sauti kavu kutoka chini kabisa ya udongo. Kisha ya mwanamke. Kisha ya mtoto. Zikafika sita, na hazikukoma, marahaba, marahaba, zikatoka ng'ambo ya shimo, zikatoka chini ya mpunga, zikaufuata mstari wa bonde mpaka mbali kusikoonekana, na Sikudhani akaacha kuhesabu.